Punguza Mawazo, Mzee

Mgonjwa aliyelazwa muda mrefu katika hospitali zetu hukosa vitu vingi, lakini hakosi ushauri. Baba yangu alipokatwa mguu kule Tanga kwa sababu ya kidonda cha sukari, kila aliyeingia wodini kumjulia hali aliaga kwa maneno yale yale: "Mzee, punguza mawazo." Wajomba walisema, majirani walisema, wazee aliokuwa akiswali nao walisema, na hata kijana aliyekuwa akipiga deki chini ya vitanda naye alisema. Baba ni mstaafu wa reli, fundi wa ishara za treni, na amezoea kwamba ukimwagiza kazi umtajie na chombo cha kuifanyia. Siku moja wageni walipotoka alinigeukia akaniuliza, "Mama, hayo mawazo yanapunguzwa kwa spana namba ngapi?"

Nilisoma falsafa chuo kikuu kabla sijawa mhariri wa vitabu, na swali hilo nilikuwa nimewahi kukutana nalo, kwa maneno mengine, katika barua za mwanamke aliyeishi Uholanzi karibu miaka 400 iliyopita.

Darasani tulifundishwa ubishi wa nafsi na mwili kama fumbo la kunolea akili. René Descartes, Mfaransa wa karne ya 17, alisema nafsi ni kitu kinachofikiri, hakina urefu wala upana. Mwili una urefu na upana, na haufikiri. Wenzake wakambana aeleze vitu viwili visivyofanana hata chembe vinagusana wapi. Tuliandika insha, tukapewa alama, tukaenda zetu. Nilipozisoma upya barua za Descartes na mwanamke yule kwenye simu, usiku, nimekalia ndoo iliyopinduliwa kando ya kitanda cha baba, niliona jambo ambalo chuoni tulilipita mbio. Watu wale walikuwa wagonjwa. Descartes alikua na kikohozi kikavu na uso uliopauka, matabibu wakitabiri kwamba atakufa angali kijana. Katika shule yake ya La Flèche aliruhusiwa kubaki kitandani asubuhi kwa ajili ya afya yake. Spinoza, msaga lenzi wa Uholanzi aliyefundisha kwamba akili na mwili ni kitu kimoja kinachotazamwa kwa njia mbili, alikufa kwa maradhi ya mapafu mwaka 1677 akiwa na miaka 44. John Locke wa Uingereza alikuwa mwenyewe tabibu, na pumu ilimsumbua kwa miaka mingi. Walipouliza mwili unaifanya nini akili, walikuwa wanauliza habari zao.

Baba alianza kulalamikia vidole siku zile zile za mwanzo. Mguu ulikuwa umekatwa chini ya goti, bendeji imepanda hadi pajani, na yeye anasema dole gumba linawaka moto na kidole kidogo kimejikunja chini ya unyayo, hakikunjuki. Mhudumu mmoja alimjibu kwa utani, "Mzee, huo mguu wenzio wameshauzika." Mwingine alinivuta kando koridoni akaniambia ni mambo ya kisaikolojia tu, kwa sauti ya mtu anayefunga faili. Shangazi, ambaye hapendi jambo libaki bila tiba, alishauri mguu ukafukuliwe, uangaliwe kama vidole havikukunjwa wakati wa kuzikwa. Kati ya hao watatu, ni shangazi peke yake aliyemwamini mgonjwa kwamba anaumwa.

Descartes angesimama upande wa shangazi, ingawa sepetu asingeshika. Katika kitabu chake cha Kanuni za Falsafa, kilichotoka mwaka 1644, anasimulia habari za msichana aliyekuwa na ugonjwa mbaya wa mkono. Kila daktari wa upasuaji alipokuja, msichana alifunikwa macho asione anachofanyiwa. Mkono ulipoanza kuoza ukakatwa, na mahali pake pakajazwa vitambaa kiasi kwamba mwenyewe hakujua kuwa haupo. Akaendelea kulalamika: mara kidole hiki, mara kile. Ambroise Paré, daktari wa upasuaji aliyefuatana na majeshi ya Ufaransa, alikuwa ameandika habari za maumivu ya namna hiyo katika karne iliyotangulia. Descartes akaongeza swali: maumivu haya yanatufundisha nini juu yetu wenyewe?

Jibu hakulitoa hewani. Alipokuwa Amsterdam, kuna majira ya baridi aliyokwenda karibu kila siku nyumbani kwa mchinjaji kutazama wanyama wakichinjwa, akachukua viungo akavipasue kwake. Alifuata mishipa ya fahamu inavyotoka viungoni hadi ubongoni, akafikia kauli hii: mshipa ukitikiswa mahali popote katikati ya safari yake, ubongo unapata habari ile ile ambayo ungeipata kama umetikiswa kwenye ncha. Kwa hiyo mtu anaweza kusikia maumivu ya kidole pasipo kidole. Nilipomweleza baba, hakungoja nimalize. Katika reli ya zamani, mkono wa ishara uliinuliwa na kushushwa kwa waya mrefu uliovutwa kutoka kibandani. "Ng'ombe akijikwaa kwenye waya katikati ya njia, mkono wa ishara unacheza vilevile," alisema. "Dereva hamwoni ng'ombe. Anaona ishara." Akakaa kimya kidogo, kisha akaongeza, "Basi mimi si mwehu." Hapo ndipo nilipojua kwamba siku zote zile alikuwa akiogopa akili inamtoka, na hakumwambia mtu.

Dole gumba likawa limepata maelezo. Mawazo yalikuwa bado hayajapata spana.

Mwanamke yule wa barua, Elisabeth wa Bohemia, alizaliwa Heidelberg, Ujerumani, Desemba 1618. Baba yake, Frederick V, alikubali taji la Bohemia, akashindwa vitani karibu na Prague mwaka 1620, akapoteza taji na nchi yake ya asili pia. Familia ikaishia uhamishoni The Hague, ikitegemea fadhila za watu. Kaka yake mkubwa alikufa maji mwaka 1629, baba akafariki mwaka 1632. Elisabeth alikuwa msomi kiasi kwamba nyumbani walimpa jina la utani la Mgiriki. Mei 1643, akiwa na miaka 24, alimwandikia Descartes kumuuliza: nafsi, ikiwa ni kitu cha kufikiri tu, inawezaje kuusukuma mwili ufanye inachotaka? Descartes alizunguka. Elisabeth akamrudia: kwake ni rahisi zaidi kukubali kwamba nafsi ina umbo kuliko kukubali kwamba kisicho na umbo kinasukuma chenye umbo. Ilipofika mwisho wa Juni, Descartes alimwambia kwamba muungano wa nafsi na mwili haujulikani kwa kutafakari. Tunaujua kwa kuishi na kwa mazungumzo ya kila siku.

Vitabu vingi vya chuo huishia hapo, na mimi naona utamu unaanza miaka miwili baadaye. Mwaka 1645 Elisabeth aliugua kwa wiki kadhaa, homa ndogo isiyokoma pamoja na kikohozi kikavu. Descartes alipopata habari alimwandikia kwamba homa ya namna hiyo kwa kawaida huletwa na huzuni. Akatoa ushuhuda wake mwenyewe: kikohozi chake alikirithi kwa mama yake, na aliamini kwamba kilimwacha kwa sababu ya tabia yake ya kuyatazama mambo kwa upande wake mzuri. Katika barua hiyo hiyo anasema mama yake alikufa siku chache baada ya kumzaa, ilhali ukweli ni kwamba mama huyo alifariki zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Hata bingwa wa kutilia shaka kila kitu husimulia ugonjwa wake jinsi alivyosimuliwa nyumbani. Kisha ukaja ushauri. Elisabeth atakapokunywa maji ya chemchemi za Spa, aondoe moyoni kila wazo la huzuni, aache hata tafakuri nzito za elimu, awe kama mtu anayetazama kijani cha msitu, rangi za ua au ndege akiruka, na hafikirii chochote.

Kwa ufupi: Binti Mfalme, punguza mawazo.

Elisabeth alishukuru, kisha akajibu kama mtu anayeujua mwili wake. Alieleza kwamba mwili huu unashika upesi majonzi ya nafsi na hauna nguvu ya kupona pamoja nayo. Kwamba mtu asiyepata nafasi ya kutembea na kufanya mazoezi hahitaji huzuni ya muda mrefu ili mwili uharibike. Na kwamba kabla hajatulia kutoka kwenye pigo moja, habari ya pigo jingine huwa imeshafika. Wakati wa kiangazi walikuwa wakisoma kitabu cha Seneca, mwanafalsafa wa Roma ya kale, juu ya maisha ya furaha, Descartes akishikilia kwamba furaha iko mikononi mwa mtu mwenye kutumia akili yake vizuri. Agosti Elisabeth akamwekea kizuizi: yapo maradhi yanayoondoa kabisa uwezo wa kufikiri, na yapo mengine yanayoupunguza, na mgonjwa wa namna hiyo atatumia nini kujifurahisha?

Barua hiyo ya Agosti niliielewa usiku ambao sukari ya baba ilishuka. Alikuwa amechomwa insulini na chakula cha jioni hakukigusa. Kabla ya alfajiri alianza kutoa jasho jembamba, akaniita kwa jina la dada yake, akanituhumu kwamba nimemwibia funguo za karakana, akanitolea matusi ambayo sijawahi kuyasikia kinywani mwake. Nesi wa zamu alimpima kwenye kidole, akaangalia kipimo, akamtundikia dripu ya glukosi bila maneno mengi. Muda mfupi baadaye baba alifumbua macho akaniambia, "Shikamoo hujaniamkia leo." Yule mzee mpole na mwenye soni alikuwa amerudi, na kilichomrudisha kilikuwa maji yenye sukari. Ningemwambia nini wakati ule, atumie akili? Akili yenyewe ndiyo ilikuwa inaumwa.

Sisemi Descartes alikuwa mtu asiye na huruma. Binti yake, Francine, alikufa mwaka 1640 akiwa na miaka 5, na miezi michache baadaye alimwandikia rafiki aliyefiwa kwamba yeye si miongoni mwa wanaodhani machozi ni ya wanawake tu. Tena alikuwa mtu wa kusikia hoja. Alikubali neno la Elisabeth kuhusu maradhi yanayoteka akili. Elisabeth alimtaka afafanue hisia moja moja, na kutokana na dai hilo kilizaliwa kitabu cha mwisho alichokichapisha, Hisia za Nafsi, mwaka 1649. Humo hawaambii tena watu wafukuze huzuni. Anafundisha kwamba hatuwezi kuamrisha hofu au majonzi yaondoke, kwa sababu yana damu na mapigo ya moyo nyuma yake, na mpaka msukosuko huo wa mwili utulie, yatabaki. Tunachoweza ni kuzunguka: kuuzuia mkono usipige wakati hasira bado inawaka, na kuipa akili kitu kingine cha kushika hadi damu ipoe.

Hiyo sasa ni spana, na mtu yeyote anaweza kuishika. Mama, ambaye hajasoma ukurasa hata mmoja wa Descartes, alikuwa ameshaifikia kwa njia yake. Alitoa amri: anayekuja kumwona mzee asije na nasaha, aje na habari. Nani kauza shamba, nani kaoa, meli gani imetia nanga bandarini. Asiye na habari amkate kucha za mguu uliobaki, amnyoe ndevu, au asukume kiti cha magurudumu hadi nje, mahali ambapo baba angeweza kuona watu wakipita. Binamu yangu alileta redio ndogo kwa ajili ya mpira. Wageni walipungua kidogo, na waliobaki walikaa muda mrefu zaidi. Baba alianza kumaliza sahani.

Descartes mwenyewe alikuwa amewahi kutumaini kwamba elimu ya mwili ingemwezesha kuishi zaidi ya miaka mia moja. Kufikia mwaka 1646 alimwandikia rafiki yake Chanut kwamba badala ya njia ya kurefusha maisha amepata nyingine iliyo rahisi na ya hakika zaidi, nayo ni kutoogopa kifo. Malkia Christina wa Sweden akamwita Stockholm, akamtaka amfundishe saa kumi na moja alfajiri katikati ya baridi, yeye mtu aliyezoea kubaki kitandani hadi jua lipande. Alipata nimonia, akafariki tarehe 11 Februari 1650, akiwa na miaka 53.

Ubishi wa nafsi na mwili uliendelea, na kuna Mwafrika aliyeushika pabaya. Anton Wilhelm Amo alizaliwa karibu na mwaka 1703 huko Axim, katika Ghana ya leo. Alipelekwa Ulaya angali mtoto mdogo, akatolewa zawadi kwa watawala wa Wolfenbüttel nchini Ujerumani, akasoma Halle, kisha Wittenberg, ambako alijifunza pia mambo ya tiba. Mwaka 1734 alitetea hapo tasnifu juu ya nafsi kutokuwa na hisi. Hoja yake ni nyofu: kuhisi ni kupokea, ni kuguswa na vitu; nafsi, kwa asili yake, hutenda na haiguswi; basi maumivu ni ya mwili ulio hai. Akaitaja barua ya Descartes inayosema kwamba nafsi, kwa kuunganishwa na mwili, inatenda na kuumia pamoja nao, akaipinga waziwazi. Baadaye alifundisha Halle na Jena, na karibu na mwaka 1747 akarudi kwao. Daktari mmoja wa meli alimkuta Axim mwaka 1753.

Nilimsomea baba habari za Amo tukiwa tumesharudi nyumbani. Kilichompendeza si kwamba ni Mwafrika mwenzetu, ingawa alitikisa kichwa kwa hilo. Alipenda kuambiwa kwamba maumivu ni ya mwili. Kuna ndugu aliyekuwa amemnong'oneza kwamba imani ikiwa thabiti maumivu hayakai, na neno hilo lilikuwa limemchoma kuliko kisu cha daktari. Kwa hesabu ya Amo, mtu anaweza kulia usiku kucha kwa maumivu na nafsi yake isiwe na doa. Mimi sikubaliani na Amo kwa kila kitu, maana nimeona majonzi yakimnyima mtu usingizi na usingizi ukimpandishia sukari, na mpaka uliochorwa na Amo hapo unafutika. Lakini kama dawa ya kumwondolea mgonjwa aibu, sijaona iliyo bora.

Barua ile aliyoipinga Amo ndiyo Descartes aliyomwandikia Elisabeth Mei 1643, kujibu swali lake la kwanza. Amo aliweza kuisoma kwa sababu barua za Descartes zilichapishwa baada ya kifo chake. Majibu ya Elisabeth hakuyaona. Elisabeth alikataa yachapishwe. Alikwenda kuwa mkuu wa nyumba ya watawa ya Herford, akafariki mwaka 1680, na barua zake hazikutoka hadi mwaka 1879. Kwa miaka zaidi ya 200 ulimwengu ulisoma maneno ya mtoa ushauri bila majibu ya mgonjwa, na Amo ilimbidi atafute peke yake ufa ambao mwanamke yule alikuwa ameshauonyesha.

Katika hospitali zetu hali bado iko hivyo. Faili la baba nimelisoma lote. Lina dozi, vipimo, tarehe na sahihi, lakini maneno yake mwenyewe yalikuwa hayamo, mpaka siku tulipopelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole aliyevuta stuli akamuuliza, "Mzee, hicho kidole kimekaaje?" Baba akaeleza, na kijana akaandika: anasema kidole kidogo kimejikunja chini ya unyayo. Kisha akaleta kioo kirefu akakisimamisha katikati ya miguu, upande unaong'aa ukiutazama mguu mzima, ili anayeangalia aone kana kwamba yote miwili ipo. Ni njia iliyoanzishwa na V. S. Ramachandran, daktari na mtafiti mzaliwa wa India, miaka ya 1990, na haimfai kila mtu. Akamwambia baba akunje na kukunjua vidole vya mguu uliopo, akitazama kioo. Baba alifanya hivyo huku akinong'ona kwamba haya ni mazingaombwe, mara akaacha kunong'ona. "Kinakunjuka," alisema.

Maumivu hayakuisha siku ile. Yalipungua kwa wiki nyingi za kioo, pamoja na vidonge vya usiku. Sasa baba anatembea kwa mguu bandia na gongo, na kidole humrudia akichoka. Ninapoulizwa na rafiki aliye na mgonjwa nyumbani afanye nini, sina falsafa ya kumpa zaidi ya hii: mwache mgonjwa aeleze mwili wake unavyomfanyia, yaandike maneno yake, na usimpe kazi inayotaka akili yenye afya wakati akili hiyo ndiyo anayoitafuta. Elisabeth aliyasema hayo kwa mwanafalsafa mkubwa wa zama zake, akiwa na homa, na mwanafalsafa akaandika kitabu.